Kabla ya Pazia, Panda Juu Ukalione Tangi

Mtu akikabidhiwa nyumba ya ghorofani, iwe ya Shirika la Nyumba la Taifa, ya Wakala wa Majengo au ya manispaa, wa kwanza kuitwa ni fundi rangi. Baada ya rangi ni pazia, na mfuko ukiruhusu, vigae vipya sebuleni. Miezi inapita, nyumba inapendeza, wageni wanasifia. Halafu Jumamosi moja asubuhi koki inakoroma bila kutoa tone, na mwenye nyumba hajui hata pampu ya jengo lake iko upande gani.

Ningekuwa na uwezo ningeugeuza mpangilio huo. Nyumba ya chini tuliyoizoea, ile ya Manzese au Mbagala, inaanzia mlangoni na kuishia ukutani. Kikiharibika kitu, unajua pa kushika. Ghorofani unakabidhiwa vyumba tu. Maji yako, taa ya ngazi, paa, chemba na hata usingizi wako vimo mikononi mwa majirani ambao bado hujawajua majina. Vyumba vitakungoja. Hivyo vingine ndivyo vya kuanza navyo.

Suala hili halikuanza jana. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Zanzibar ina majumba marefu ya Michenzani, yale ambayo watu huyaita treni, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume ili watu wa Ng'ambo watoke kwenye nyumba za udongo. Magomeni Kota nako nyumba za zamani zilivunjwa, kaya 644 zikasubiri miaka mingi, mpaka Rais Samia alipozindua maghorofa mapya Machi 2022. Kote huko kazi ya kujenga ilikuwa na tarehe ya mwisho na mkasi wa kukata utepe. Kazi ya kukaa pamoja haina tarehe, na mara nyingi haina hata mtu aliyekabidhiwa.

Anza na maji. Maji ya DAWASA mara nyingi hayana nguvu ya kupanda yenyewe mpaka juu. Kila mita 10 za kupanda zinahitaji presha ya bar moja zaidi, na ghorofa ya tatu tayari iko karibu na mita hizo. Ndiyo maana jengo lina tangi la chini la kupokea, pampu ya kusukuma na tangi la juu la kugawa. Wiki ya kwanza, mtafute mlinzi au jirani mkongwe akutembeze. Akuonyeshe matangi yote mawili, geti valvu ya jengo zima, geti valvu ya nyumba yako, swichi ya pampu na mita ya LUKU ya pampu.

Hiyo LUKU ya pampu ndiyo wengi hawaijui mpaka siku inapozima. Kwa kawaida utaikuta chini ya ngazi, ndani ya kisanduku cha bati chenye kufuli, namba yake imeandikwa ukutani kwa peni nene. Jengo zima linakunywa kupitia mita hiyo. Nani ananunua uniti? Nenda kwenye majengo mengi utakuta jibu ni mama mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye huruma, anayenunua kwa pesa yake kisha anapita mlango kwa mlango kukusanya. Anafanya hivyo mwaka mmoja, miwili, halafu anachoka, na hana kosa. Dawa yake ni ndogo: namba ya mita iwe kwenye simu ya kila kaya, ili yeyote aweze kununua hata usiku wa manane, watu wawili wawe na ufunguo wa kisanduku, na anayenunua atume picha ya tokeni na ya uniti zilizobaki kwenye grupu la WhatsApp la jengo. Mkikubaliana kwamba uniti zikifika 20 zinanunuliwa nyingine, mtasahau kama kuna kitu kinaitwa pampu.

Aliye ghorofa ya mwisho ana tatizo lake. Anadhani kwa kuwa tangi liko juu ya kichwa chake maji yatamwagika kama mvua ya masika, kumbe yeye ndiye mwenye presha ndogo kuliko wote, kwa sababu maji yanashuka mita mbili tatu tu kabla ya kufika bafuni kwake. Wa chini ndio wanaofaidi. Ukitaka bomba la mvua lenye nguvu, funga pampu ndogo inayovuta kwenye tangi lako mwenyewe dogo. Usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la pamoja, maana ikiwaka itamnyonya jirani aliye kwenye bomba hilohilo, naye atakaa siku tatu akimlaumu fundi.

Na tafadhali, simtanki la lita 1,000 lisikae kwenye balkoni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi likijaa ni tani nzima, sawa na kuwasimamisha watu wazima 14 mahali pa ukubwa wa mkeka wa kuswalia, usiku na mchana, kwenye zege linaloning'inia nje ya jengo. Madumu kumi ya lita 20 yakipangwa ndani kando ya ukuta yanatosha familia kwa siku kadhaa za mgao.

Sasa pesa, maana hapa ndipo majengo mengi yanapofia. Kwa wanaonunua, Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na Kenya walitunga ya kwao upya mwaka 2020. Kiini chake kinafanana: ukinunua nyumba ghorofani umenunua pia fungu lako katika ngazi, paa, korido na kiwanja, na huwezi kuuza kimoja ukabaki na kingine. Wamiliki wanakuwa na chama chao. Kwa hiyo anayesema "mimi chama sijajiunga" anazungumza kama mtu aliyenunua gari bila magurudumu.

Mpangaji wa shirika au wakala hali yake ni tofauti kidogo. Paa, bomba kuu na nyufa za ukuta ni za mwenye jengo. Balbu, koki na kitasa ni vyako. Mkataba unaeleza, na ni wachache wanaousoma zaidi ya ukurasa wenye kiasi cha kodi. Ukiwa na lalamiko kuhusu jengo, usiishie kupiga simu. Andika barua nakala mbili, ipeleke ofisini, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Simu husahaulika, na ofisa uliyeongea naye akihamishiwa Dodoma, habari yako imekwenda naye. Barua yenye muhuri inabaki kwenye faili, na barua ya kaya kumi na mbili zilizosaini pamoja inasomwa haraka kuliko ya mtu mmoja.

Hata hivyo, hata mpangaji hawezi kumsubiri mwenye jengo kwa kila balbu ya ngazi. Umoja wa wakazi unahitajika. Tuchukulie jengo lenye nyumba 24, kila moja ikitoa shilingi 15,000. Ni 360,000 kwa mwezi: LUKU ya pampu na taa, mfagiaji wa ngazi, mchango wa mlinzi, na akiba kidogo. Kaya nane zikigoma, kinachobaki ni 240,000, na cha kwanza kukatwa ni akiba, kwa sababu haina mdomo wa kudai. Pampu inapoungua, mnaanza kuchangishana upya kwa ugomvi. Kwa hiyo akiba itoke kwanza, siku ileile ya makusanyo, kabla hata mfagiaji hajalipwa, na iwekwe mahali ambapo haitoki bila watu wawili kukubali.

Pesa isipitie kwenye namba ya simu binafsi ya mhazini, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Mnamweka mtu mwema kwenye jaribu, na mnamweka pia kwenye midomo ya watu, ambayo ni mibaya zaidi. Fungueni akaunti au lipa namba ya umoja. Kuhusu wadaiwa, wapo wanaoamini katika kubandika majina yao ukutani. Nimeyaona yakibandikwa, na nimeona karatasi imechanwa kabla ya adhuhuri. Kinachofanya kazi zaidi ni kubandika matumizi: tarehe, kitu, bei, risiti. Mtu mgumu kulipa huwa na hoja moja, kwamba pesa inaliwa. Mwondolee hoja hiyo kwanza, kisha mfuate nyumbani kwake jioni, wawili, kwa adabu.

Kila jengo lina mzee wa ghorofa ya chini anayeuliza kwa nini alipie lifti asiyoipanda. Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Chemba kuu ikiziba, maji machafu ya ghorofa zote hayatokei kwa wa juu. Yanatokea kwenye bafu lake yeye. Siku hiyo wa juu nao wakiuliza kwa nini wachangie kuzibua chemba isiyowanukia, atasemaje? Mwambieni hivyo kikaoni, taratibu, na mpeni chai.

Tukiacha pesa, ugomvi mkubwa wa ghorofani unaanza na doa. Duara la kahawia darini, ukubwa wa sahani, kila wiki linatanuka. Wa chini anapanda na hasira, wa juu anaapa bafu lake ni kavu, na wote wawili huenda wanasema kweli. Kabla ya kupanda, chunguza. Kama maji yanadondoka saa zote, hata usiku wakati wote wamelala, basi bomba la maji safi limetoboka. Kama yanadondoka tu baada ya watu kuoga, tatizo liko kwenye bomba la maji machafu au kwenye maungio ya vigae vya bafu la juu. Hii ya pili ina kipimo rahisi ambacho mafundi bomba wanakijua: chukua bluu ya kufulia, koroga kwenye ndoo, mwaga taratibu kwenye sakafu ya bafu la juu, kisha shuka ukasubiri. Likitoka tone la rangi ya bluu darini, kesi imekwisha bila shahidi.

Namna ya kumwendea jirani nayo ina nafasi yake. Usipande na picha kwenye simu, maana picha inaonekana kama ushahidi wa polisi. Mkaribishe ashuke. "Shikamoo mama Rehema. Samahani kwa usumbufu, naomba ukipata nafasi ushuke kwangu kidogo, kuna kitu nataka tukitazame pamoja." Akisimama chini ya doa lile, akaona na ndoo mliyoikinga katikati ya sebule, moyo wake utalainika kuliko kwa maneno yoyote. Baada ya hapo mnaongea gharama: bomba linalohudumia nyumba yake peke yake ni lake, lile kubwa la wima linalopita nyumba zote ni la jengo, na hulipwa na wote. Kubalianeni hilo kikaoni mapema, wakati dari zote bado ni nyeupe.

Kuhusu kuta nitasema kwa ufupi. Usibomoe chochote kwa kauli ya fundi aliyegonga kwa vifundo vya vidole akasema "huu haubebi kitu". Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hakuna haja ya kumweleza mkazi wa Dar es Salaam nguzo ni nini. Kibali cha maandishi cha mwenye jengo na maelekezo ya mhandisi. Bila hivyo viwili, sebule yako ibaki ilivyo.

Kelele ni jambo la mila zaidi kuliko sheria. Chukua kinu. Kisamvu kikitwangwa uani Tandale hakimsumbui mtu. Kikitwangwa ghorofa ya tatu, kila pigo la mchi linashuka kwenye zege na aliye chini anahisi kama anatwangwa yeye. Tandika gunia lililokunjwa mara nne au kipande cha tairi chini ya kinu, na ufanye kazi hiyo kabla ya jua kuzama. Au shuka nacho chini, utapata na mazungumzo. Miguu ya viti ivishwe vipande vya mpira. Watoto watakimbia, hakuna dawa, ila mkeka mnene korido ya ndani unasaidia. Spika za harusi na vigodoro sitazizungumzia sana: mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wapo kwa ajili hiyo, ingawa jirani aliyearifiwa siku tatu kabla na kualikwa huwa hasikii kelele kabisa.

Jiko la mkaa ni hadithi nyingine. Ukiliwasha balkoni, moshi unaingia dirishani kwa wa juu na kwenye nguo zake alizoanika. Ukiliingiza ndani na kufunga madirisha, linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Gesi ni bora, lakini ina tabia yake ya kuifahamu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutoka dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya, hata chini ya kitanda cha chumba cha pili. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kila unapobadilisha mtungi. Yakitokea mapovu yanayokua, inavuja. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, ukiwa nje piga 114 kwa Zimamoto. Na usishuke kwa lifti.

Hapo pia tazama nondo zako za dirisha. Wengi wetu tunajifungia kwa hofu ya wezi mpaka hata balkoni inakuwa kizimba. Angalau dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa bawaba, na ufunguo wake uning'inie mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaufikia gizani. Ngazi zisiwe stoo. Baiskeli, godoro kuukuu, makreti ya soda: vyote hivyo moshi ukitanda ni vikwazo vya kumwangusha mtu.

Jambo ambalo wasanifu wa majengo hawakulichora ni msiba. Kwenye nyumba ya chini turubai linafungwa barabarani, mikeka inatandikwa, masufuria yanapangwa uani, na mtaa mzima unajua wajibu wake. Ghorofani mtu akifariki saa nane usiku, waombolezaji mia wanaanza kufika alfajiri kwenye nyumba ya vyumba viwili. Wanakaa wapi? Wanajisaidia wapi? Magari yaliyoegeshwa uwanjani yatahamishwa na nani? Haya yajadiliwe kikao cha kwanza kabisa cha umoja, hata kama wapo watakaonong'ona kwamba mnaita kifo. Mkubaliane turubai linakaa upande gani, magari yanaondoka ndani ya saa ngapi, nyumba zipi za chini zinafungua vyoo vyao kwa wageni, na LUKU ya pampu inaongezwa kutoka kwenye akiba siku hiyohiyo, maana matumizi ya maji yatapanda ghafla. Wapishi wakae mbali na madirisha ya chini na mbali na mitungi.

Na mpime ngazi. Jeneza haliingii kwenye lifti nyingi, na kwenye kona za ngazi nyembamba haligeuki bila kusimamishwa wima, jambo ambalo hakuna mfiwa anayetaka kuliona. Kama kona haziruhusu, familia ijue mapema: mwili ushushwe kwa machela, jeneza lingoje chini, na ibada au swala ifanyike uwanjani. Kwa Waislamu, bafu nyingi za ghorofani ni finyu mno kwa kuosha maiti kwa heshima. Zungumzeni na msikiti wa jirani kama una mahali. Vijana sita wa jengo wajulikane kwa majina kwamba wao ndio wa kubeba.

Mwisho niseme na ambaye bado hajahamia, anayezungushwa na dalali. Katika nyumba za mashirika ya umma za katikati ya mji kuna biashara ya kilemba: mpangaji wa zamani anakuachia nyumba, nawe unamlipa mamilioni mkononi. Unaingia, unapaka rangi, unaendelea kulipa kodi kwa jina lake. Kwenye vitabu vya mwenye jengo wewe hupo. Siku wakaguzi wakipita, au siku yule mpangaji wa zamani akifariki na wanawe wakatokea, unaondoka na pazia zako, na kilemba huwezi kukidai popote kwa sababu mkataba haukuruhusu hata akupangishe.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi, hata "ya kushikilia", kabla hujakaa ofisini kwa mwenye jengo, ofisa akiwa na faili la nyumba hiyo mezani. Uliza mambo manne: jina la mpangaji aliyesajiliwa, deni lililopo la kodi na la umoja, kama nyumba imetangazwa kuwa wazi, na utaratibu wa maombi. Kama ni ya kuuzwa, uliza hati ya sehemu yenyewe iko hatua gani. Wala usiridhike na hati ya kiwanja kizima. Kisha rudi kwenye jengo bila dalali, jioni watu wanaporudi kazini, umuulize yeyote unayemkuta kwenye ngazi: maji yanapanda siku ngapi kwa wiki, na nani anamiliki ufunguo wa pampu? Dalali akikuambia leo ofisini hapaendeki, mwambie hakuna shida, mtakwenda wote Jumatatu.